Dalali, broka, winga: historia ya cha juu hapa Arusha

Nimepotea, najua. Tesiti tatu ndani ya wiki moja, halafu... basi tuyaache hayo. Leo sina stori za kantini. Leo naandika historia, lile somo langu mnalolicheka kwamba halina ajira. Sababu yenyewe ni kwamba humu bwenini sasa hivi kila mtu amekuwa winga, na naona watu wanaumiza kichwa kwa swali ambalo wazee wa huku chini ya Mlima Meru walishaumizwa nalo zamani sana.

Kwa wale walio mbali: winga ni mtu anayeuza mzigo usio wake. Neno limevuma kutoka Kariakoo. Anapiga picha dukani, anarusha kwenye stetasi, mteja akipatikana anaongeza cha juu. Duka linataka viatu 20,000, winga anamwambia mteja 26,000, ile 6,000 ni ya bando na chipsi. Korido yetu ina mawinga wa viatu, wa manukato, wa mashuka, na wapo waliokwenda mbele zaidi: wanasambaza linki za makampuni ya ng'ambo, mtu akibonyeza na kununua wao wanahesabiwa asilimia. Hakuna hata mmoja mwenye mzigo chumbani. Na kila usiku mjadala ni huo huo, tuuze nini? Na jibu la haraka nalo ni hilo hilo: chenye kamisheni kubwa!

Mimi nilikuwa nasikiliza tu. Sasa ngoja niseme yangu.

Mwaka 1883 Mskoti mmoja kijana, Joseph Thomson, alitumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza apite nchi ya Wamasai. Alitoka Mombasa na wapagazi waliobeba vitambaa, nyaya na shanga nyingi mno, maana bila hivyo hupiti, hupewi maji wala nyama. Alipofika Taveta akakuta shanga zake ni tatizo. Wamasai walikuwa wanapokea shanga zilizotungwa kwa urefu wao waliouzoea, na zake hazikuwa hivyo. Ikabidi watu wake wakae chini kuzitunga upya, makumi ya maelfu ya nyuzi, ndipo safari iendelee. Msafara wa Waswahili wa pembe aliokuja kuongozana nao baadaye, wa Jumba Kimameta, ulikuwa na watu wanaojua mambo hayo kwa moyo. Wao hawakuhitaji kusoma kitabu. Walishapita huko, walijua rangi gani inapendwa wapi na rangi gani mtu akiiona anakugeuzia mgongo.

Hebu fikirini maana yake. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Ukichagua shanga isiyotakiwa umemlipa mtu aibebe kichwani mamia ya kilometa kwenda na pengine kurudi. Na mara nyingi mali yenyewe haikuwa ya kiongozi wa msafara. Matajiri wa Unguja, wengi wao Wahindi, ndio waliokuwa wakitoa vitambaa na shanga kwa mkopo, halafu wanalipwa kwa pembe msafara ukirudi. Leo tunaita mali kauli: unachukua mzigo kwa mdomo wako, ukiuza unarudisha. Yaani kiongozi wa msafara wa mwaka 1883 na winga wa chumba cha jirani wana tofauti moja kubwa tu. Yule akikosea kuchagua anadaiwa. Huyu wa leo akikosea anafuta picha kwenye stetasi. Ndiyo maana yule alichagua kwa makini kuliko huyu, na mimi sishangai.

Kitambaa nacho kina stori yake. Merikani, ile pamba nyeupe nzito, ilipata jina kwa sababu ililetwa na meli za Wamarekani, hasa za Salem kule Massachusetts, na mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ni wa 1833. Wengine walijaribu kuleta vitambaa vya bei rahisi zaidi lakini watu wa bara walishazoea kushika merikani na kujua uzito wake. Jina la bidhaa lilikuwa limeshajiuza, mchuuzi alikuwa anapokea tu.

Mji wetu wenyewe ulikuja baadaye. Boma la Wajerumani lilikamilika 1900, lile lile ambalo leo ni makumbusho, na lilijengwa kwa jasho la Waarusha na Wameru walioshindwa vitani. Maduka ya Wahindi yakafuata, na minada ya ng'ombe ikakua pembezoni. Hapo mnadani ndipo ukitaka kumwona dalali wa asili uende hata kesho, Kisongo au Meserani. (Neno dalali lenyewe ni la Kiarabu, tumelichukua na biashara yake.) Anasimama kati ya mfugaji na mchinjaji, anapapasa ng'ombe, anasema bei, anakula chake kutoka kwa mmoja au kwa wote wawili. Kilichonivutia kwake ni hiki: hakubali kusimamia ng'ombe yeyote tu. Ng'ombe mgonjwa anamkwepa hata kama mwenye mali anaahidi cha juu kinono. Siyo utakatifu. Mchinjaji aliyenunua leo atarudi mnada ujao, na atarudi na mdomo.

Likumbukeni hilo la mteja kurudi, nitalirudia nikifika mjini.

Enzi za Ujamaa nazipita haraka. Azimio la Arusha lilipitishwa 1967, biashara ya jumla ikaenda kwa mashirika ya umma, maduka ya ushirika yakaenezwa, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 80 bidhaa zilikuwa hazionekani. Bibi yangu anasema foleni ya sukari ilikuwa unaanza kupanga kabla ya jogoo. Dalali akabadilishwa jina akaitwa mlanguzi, na mwaka 1983 msako ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine ukawakumba wengi nchi nzima, sheria maalumu ya uhujumu uchumi ikatungwa. Barabara kubwa ya mji wetu ina jina lake, na sasa mawinga wamejaa pande zote mbili! Mimi nacheka kila nikipita pale. Lakini kihistoria kuna jambo: wakati wa uhaba mchuuzi hakuwa na haja ya kujiuliza mteja anapenda nini. Sabuni, sukari, tairi la gari, chochote kilichopatikana kilinunuliwa. Kigumu kilikuwa kupata mali. Leo mali imejaa mpaka barabarani na kigumu ni kumpata mtu wa kukuamini. Wazazi wetu wengi wanatupa ushauri wa biashara wa enzi ile, "tafuta kitu ambacho hakipo", na ndiyo maana haututoshi.

Sasa Tanzanite. Hapa naomba mnivumilie, hapa ndipo penyewe.

Mwaka ule ule wa Azimio, 1967, mawe ya buluu yalionekana kwenye vilima vya Mererani. Jumanne Ngoma ndiye anayetambuliwa na Serikali kuwa mgunduzi, na Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha mwenye asili ya Goa aliyekuwa pia mtafuta madini, ndiye aliyesajili vitalu vya mwanzo. Kitaalamu jiwe ni aina ya zoisaiti. Lilipofika New York, kampuni ya Tiffany ililipenda lakini jina hawakulitaka, kwa Kiingereza linakaribiana mno na neno la kujiua. Nani atamvisha mchumba pete yenye jina hilo? Henry Platt wa Tiffany akaliita Tanzanite, na 1968 wakalitangaza kwa nguvu kama jiwe linalopatikana nchi moja tu duniani.

Angalieni walichokuwa wanatafuta. Rangi, ndiyo. Lakini pia uchache unaoweza kuelezeka kwa sentensi moja, na jina ambalo halimtishi mnunuzi. Udhaifu ulikuwepo: jiwe hili ni laini kwa pete ya kila siku, ugumu wake ni kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs ambacho almasi inapata 10, na mengi hutoka ardhini yakiwa ya kahawia mpaka yapashwe moto ndipo yawe buluu. Muuzaji makini anayajua hayo yote kabla hajafungua mdomo, kwa sababu pete ikikwaruzika mteja anarudi kwake wala harudi Mererani. Bwana Ngoma, kwa upande mwingine, alingoja sana. Mwaka 2018 ndipo Rais Magufuli alipomtaja hadharani na kumpa shilingi milioni 100. Nusu karne!

Migodi ilitaifishwa 1971, baadaye ikafunguliwa tena, na kufikia miaka ya 90 Mererani ilikuwa imejaa wanaapolo, vijana wanaoshuka mashimoni kwa kamba. Juu yao walikuwepo mabroka. Broka hana shimo wala hana ofisi. Ana karatasi iliyokunjwa vizuri mfukoni, ndani yake mawe ya mtu mwingine, na anatembea nayo mpaka kwa wanunuzi wa Arusha mjini. Mwenye jiwe kamwambia bei, anachoongeza ni chake. Hakuna risiti. Jiwe dogo kama punje ya harage linaweza kuwa na thamani ya nyumba, na limetoka mkononi kwa neno tu. Kwa hiyo broka alikuwa anachagua mawe, halafu anachagua watu: mchimbaji gani atasimamia bei aliyosema asubuhi, na mnunuzi gani analipa papo hapo na yupi ni wa "njoo kesho". Ukiwauliza wazee wa kazi hiyo wanaanza na mnunuzi kabla hawajafika kwenye jiwe. Jiwe zuri kwa mnunuzi msumbufu ni hasara ya nauli.

Halafu ikaja Novemba 2001. Miezi miwili baada ya mashambulizi ya New York, gazeti la The Wall Street Journal likaandika kwamba Tanzanite ina uhusiano na al-Qaeda. Msingi ulikuwepo kidogo: Wadih el-Hage, aliyekuwa katibu wa Osama bin Laden na aliyehukumiwa kwa kesi ya mabomu ya Dar es Salaam na Nairobi ya 1998, aliwahi kujishughulisha na biashara ya mawe hayo. Basi. Tiffany, ambao ndio walilipa jiwe jina, wakaacha kuliuza. Zale wakaacha. QVC, ile televisheni ya kuuza vitu kwa simu iliyokuwa inauza Tanzanite nyingi sana kwa Wamarekani wa kawaida, nao wakaacha. Bei ikaporomoka huku kwetu. Februari 2002 kwenye maonyesho ya vito ya Tucson, Arizona, wafanyabiashara na Serikali yetu wakakubaliana utaratibu wa kufuatilia jiwe linatoka wapi, na Serikali ya Marekani ikasema haina ushahidi kwamba biashara hiyo inawafadhili magaidi. Biashara ikarudi polepole. Mwaka huo huo chama cha wafanyabiashara wa vito cha Marekani kikaiingiza Tanzanite kwenye orodha ya mawe ya Desemba.

Mimi hii naiona kama kesi kubwa kuliko zote. QVC walikuwa na maelfu ya bidhaa. Kuitoa moja kwenye ratiba ni kazi ya kikao kimoja, na hawakuhitaji ushahidi, walihitaji tu wateja wasianze kuuliza maswali. Broka wa Mererani alikuwa na bidhaa moja. Hakuna aliyemuuliza kitu, na yeye ndiye aliyelala njaa Krismasi ile. Watu wakizungumza habari za "kuchagua bidhaa" wanazungumza kama vile wote tuna uwezo ule wa QVC. Kuchagua ni mali ya mwenye vitu vingi vya kuchagulia. Na bidhaa yenyewe, masikini, haikuwa imebadilika hata chembe, rangi ile ile.

Baadaye mabroka walipata mitihani mingine. Ukuta wa kilometa 24.5 kuzunguka migodi ulizinduliwa Aprili 2018, na 2021 Serikali ikaelekeza biashara ya Tanzanite ihamie Mererani kwenyewe. Kwa Serikali sababu ilikuwa utoroshaji wa madini. Kwa broka wa Arusha mjini aliyejenga wateja wake kwa miaka ishirini kwenye mtaa mmoja, ni kijiwe kuhama. (Na wanaosema Mererani ni Arusha nawakumbusha, tangu 2002 ni Manyara.)

Turudi mjini, nilikoahidi. Mnawajua flaikacha, wale vijana wa Mnara wa Saa na Barabara ya Boma wanaomfuata mtalii hatua kwa hatua: safari, rafiki, Serengeti, Ngorongoro, bei nzuri. Vitabu vya wasafiri vimewaonya wageni juu yao miaka na miaka. Flaikacha anampeleka mgeni kwenye ofisi ya safari na kupata kamisheni. Sasa mlinganisheni na dalali wa ng'ombe. Wote wanaishi kwa cha juu, wote hawana mali. Lakini mgeni ana siku nne, halafu anapanda ndege, hatarudi mnada ujao. Kwa hiyo flaikacha asiyejali anaweza kuchagua ofisi inayolipa zaidi, na mara nyingi inayolipa zaidi ni ile isiyoweza kupata wateja kwa jina lake: gari bovu, leseni ya mashaka, mpishi aliyeokotwa jana. Kampuni yenye jina haina sababu ya kumpa mtu wa barabarani fungu kubwa. Kamisheni kubwa wakati mwingine ni bei ya kunyamaza. Wapo flaikacha waungwana, nawafahamu, na baadhi ya waongozaji wazuri wa leo walianzia hapo hapo barabarani. Ila tangu wageni waanze kuandika maoni yao mtandaoni, hata yule wa siku nne amekuwa kama anarudi mnadani. Anaandika akiwa kwao, na anayefuata anasoma kabla ya kupanda ndege.

Kwa wale wa linki: huo mtindo wenu ulianza miaka ya 90. Amazon walifungua mpango wao 1996, wakati wengi wetu humu hatujazaliwa. Tatizo walilokuwa wanalitatua ni la dalali wa nyumba kabisa. Mnajua dalali anakula kodi ya mwezi mmoja, na mnajua (msijifanye) kuna wapangaji wanaoonyeshwa geto kisha wanarudi kimya kimya kwa mwenye nyumba. Nani kamleta mteja? Flaikacha alitatua kwa kumshika mgeni mkono mpaka ndani ya ofisi. Amazon wanatatua kwa alama kwenye linki, lakini alama hiyo inaishi saa 24 tu, mteja asipoweka kitu kwenye kikapu ndani ya muda huo imekula kwako. Na mwenye mali anaweza kubadili asilimia atakapo. Aprili 2020 Amazon walishusha ya samani kutoka 8 mpaka 3, watu waliojenga kazi nzima juu ya meza na makochi wakaamka na chini ya nusu ya kipato. Hapa kwetu Jumia walifunga Tanzania Novemba 2019, na aliyekuwa anawaletea wateja akabaki na linki isiyokwenda popote.

Kuna dada wa mwaka wa pili, simtaji, kampuni fulani ya vipodozi imemzungusha kamisheni ya miezi mitatu. Walimwambia asilimia 30. Asilimia 30 ya hela isiyolipwa ni hesabu rahisi hata kwa sisi watu wa sanaa. Nilimuuliza kama aliwahi kuzungumza na mtu yeyote aliyelipwa na hao. Hakuwahi. Broka angeanza na hilo.

Na DECI msiisahau. Watu "walipanda mbegu" na kungoja "kuvuna" mpaka Serikali ilipoisimamisha 2009, na familia nyingi nchini zilipoteza akiba. Pale hapakuwa na shanga, hapakuwa na ng'ombe wala jiwe. Kilichouzwa ni mtu anayefuata. Kwa hiyo mkiniletea "fursa" ambayo malipo yake yanatokana na kuingiza wenzangu, mimi simo, mniache na chai yangu.

Jana usiku Mangi wa chumba namba 9 ameniuliza, sasa kwa historia yote hiyo, yeye auze nini? Nikamwambia ana viatu vya duka ambalo analijua, mwenye duka anampokelea simu, na wateja wake wote wanakula kantini moja naye. Akasema lakini cha juu ni kidogo, buku tano tano. Nikamwambia ndiyo.

Mwenye baba au mjomba aliyefanya ubroka Mererani kabla ya 2001 aniambie, nataka sana kuwasikiliza wazee hao kwa ajili ya tasnifu yangu. Nauli ya daladala nitajilipia mwenyewe.